Ua wa Waingereza Usambiro

Mwanza ni mji wa mawe, na mgeni anayezungushwa kuonyeshwa historia yake hupelekwa kwenye mawe: Jiwe la Bismarck ziwani, karibu na kivuko cha Kamanga, kisha kilima cha Robert Koch katikati ya mji, chenye jumba la Kijerumani kileleni. Majina yote hayo ni ya Wajerumani. Nyumba ya zamani ya Waingereza haimo katika matembezi hayo, kwa sababu haikuwa mjini na haikuwa ya mawe. Ilikuwa kusini, kule ambako ghuba ndefu ya Mwanza inaishia ndani ya nchi kavu, mahali palipoitwa Usambiro, kwa mkuu aliyeitwa Makolo. Ilijengwa kwa udongo, miti na nyasi, vitu ambavyo haviwasubiri wanahistoria.

Hata hivyo tunaijua vizuri kuliko majumba mengi ya mawe. Walioipitia waliiandika kwa uchu wa watu ambao kwa miezi mingi walikuwa hawajaona ukuta ulionyooka. Wameeleza unene wa kuta, rafu za vitabu, karakana, zizi, hata kuku. Nami katika yote waliyoyaandika navutwa zaidi na kile walichokitaja kwa kupita tu, yaani ua. Nyumba ilikuwa mahali pa kulala na kusomea. Ua ndio uliokuwa ukijibu swali lililoulizwa na kila mtawala wa ziwa hili katika miaka ile: aliyeko humo ndani ni mtu wa nani?

Waingereza hawa walikuwa wamisionari wa Church Missionary Society ya London, na kuja kwao kulitokana na barua. Henry Morton Stanley alifika ziwani tarehe 27 Februari 1875, katika kijiji cha Kageye kwenye ghuba ya Speke, upande wa mashariki wa Mwanza ya leo. Akapokelewa na mkuu wa pale, Kaduma, na mmoja wa vijana wake wa Kiingereza, Frederick Barker, akafia hapo na kuzikwa. Stanley akavuka hadi Buganda, akamwona Kabaka Mutesa, akaandika barua ya kuwaita wamisionari. Gazeti la Daily Telegraph liliitoa barua hiyo Novemba 1875, na katika miezi michache fedha zikachangwa na watu wakapatikana.

Orodha ya watu hao inachekesha kidogo ukiisoma leo. Kiongozi alikuwa luteni wa jeshi la majini, George Shergold Smith. Kulikuwa na padri mmoja, daktari, mhandisi, mafundi wa mkono, na msanifu wa majengo aliyeitwa Thomas O'Neill. Wakubwa wa London walikuwa wameamua kwamba Injili itahitaji mchora ramani za nyumba. Walipofika Kageye, Januari 1877, msanifu huyo alijikuta katika nchi ambayo kila mtu mzima alijua kujenga nyumba yake, na kwa mfumo usiohitaji karatasi wala kalamu.

Nyumba ya Kisukuma ya zama hizo ilikuwa msonge. Nguzo husimikwa kwa duara, fito zikafungwa kwa kamba za magome, udongo ukakandikwa, na juu likapandishwa paa la nyasi lenye umbo la pia, linaloshuka chini hadi anayeingia lazima ainame. Duara halina pembe ya kupasuka, paa lililoshuka huukinga ukuta na mvua inayopigwa na upepo wa ziwa, na moshi wa jiko hupenya kwenye nyasi na kufukuza wadudu wanaotoboa miti. Kuuzunguka mji huo, kwa maana ya kaya nzima pamoja na mifugo yake, palikuwa na ua wa minyaa. Mnyaa hauhitaji fundi: unakata tawi, unalichomeka ardhini, linashika. Ng'ombe hauli, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni mtu hasahau. Kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ua unavyozidi kuwa mnene, tofauti na ua wa magogo ambao huanza kuliwa na mchwa tangu siku unaposimikwa.

Wageni walikaa Kageye katika vibanda vya aina hiyo. Mei 1877 daktari wao, John Smith, akafariki na kuzikwa ufukweni. Shergold Smith alivuka kwenda Buganda katikati ya mwaka, akamwacha huko padri Wilson, akarudi kusini kumchukua O'Neill. O'Neill alikuwa Ukerewe akimalizia mashua kubwa waliyoinunua kwa Songoro, mfanyabiashara kutoka upande wa pwani aliyekuwa ameweka makazi na watu wake kisiwani.

Kilichotokea Ukerewe Desemba 1877 kilihusu uzio hata kama uzio wenyewe ulikuwa hafifu. Songoro alikosana na Omukama Rukonge, mtawala wa kisiwa. Watu wa Rukonge walipomjia, Songoro alikimbilia kambini kwa Waingereza. Rukonge akataka mtu wake atolewe. Kwa akili ya Shergold Smith, mtu aliyeingia kwake akiomba kinga hatolewi auawe. Kwa akili ya Rukonge, kambi ile ilikuwa juu ya ardhi yake, imejengwa kwa miti yake, na waliomo ndani walikuwa wageni wake. Mgeni anayemficha adui wa mwenyeji amekwisha kuwa adui. Hakuna upande uliokuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Kambi ilishambuliwa, na Shergold Smith, O'Neill na Songoro wakauawa pamoja. Msanifu wa majengo wa misheni akafa kabla hajajenga nyumba.

Fundi aliyekuja kuijenga alikuwa njiani. Alexander Mackay hakuwa Mwingereza halisi bali Mskoti, mzaliwa wa Rhynie karibu na Aberdeen, mwaka 1849. Lakini watu wa ziwani hawakuona sababu ya kuwatenganisha, na misheni ilikuwa ya Waingereza, kwa hiyo nami nitaendelea kusema Waingereza. Alikuwa mhandisi. Alifika Kageye Juni 1878 na kuikuta mali ya msafara imerundikwa ovyo ndani ya kibanda: vipande vya boila, vitabu vilivyovuliwa majalada, chuma kilichoshika kutu, mashine ya kuchapia, vyote pamoja. Alichambua kwa siku kadhaa, akaunga injini, akaitengeneza mashua ndogo iliyoitwa Daisy. Kisha akafanya jambo ambalo alisihiwa asilifanye: alivuka hadi Ukerewe kumwona Rukonge nyumbani kwake, bila silaha, kuzungumza amani. Akarudi salama.

Miaka tisa iliyofuata aliitumia Buganda, na huko alijifunza mengi kuhusu majengo na siasa zake. Alijenga nyumba ya misheni Natete, akafundisha vijana kufua chuma, na mwaka 1882 alipewa kazi ya kutengeneza majeneza makubwa kwa ajili ya mama yake Kabaka. Wangwana, yaani Waswahili wa pwani, na watu wa Buganda walimwita mzungu wa kazi. Lakini Mutesa alifariki 1884, akamfuata mwanawe Mwanga, na kuanzia hapo kila ua wa misheni ulitazamwa kwa shaka. Askofu Hannington aliuawa Busoga Oktoba 1885, vijana Wakristo wakachomwa moto 1886, na Julai 1887 Mackay akalazimika kuondoka. Alifunga mlango, akapanda mashua kwenda kusini, na kuchagua Usambiro.

Kwa nini Usambiro na si Kageye, ambako tayari palikuwa na makaburi ya wenzake? Ukitazama ramani jibu linaonekana. Misafara iliyotoka Zanzibar ilipita Unyanyembe, ikaelekea kaskazini moja kwa moja, na ncha ya ghuba ndiyo maji ya kwanza ya ziwa ambayo msafara ungeyafikia kutoka huko. Mzigo uliotua hapo ulikuwa umekwisha kubebwa kichwani kwa miezi. Kuuongezea siku nyingine za kutembea hadi Kageye kulikuwa kupoteza nguo na shanga za kulipa wapagazi na hongo. Isitoshe, ng'ambo ya ghuba, Bukumbi, mapadri wa Kifaransa wa White Fathers walikuwa na misheni yao tangu 1883. Walikuwa wapinzani wa Mackay katika dini, na wakati mwingine wapinzani wakali, lakini walikuwa majirani.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipojengwa. Mackay alikuwa ameishi barani zaidi ya miaka kumi na hakujaribu kuleta kijiji cha Uskoti. Alichukua udongo wa mahali, miti ya mahali na mikono ya mahali, akabadilisha vitu viwili tu: umbo na unene. Nyumba ikawa ya pembe nne, yenye vyumba, na kuta zake zikawa na unene wa futi mbili hivi, sawa na sentimita 60. Ukuta wa fito uliokandikwa hauzidi theluthi moja ya huo.

Unene huo una kazi yake. Ukuta wa udongo mtupu, usio na fito ndani, hauwezi kuinuliwa kwa siku moja; udongo hukanyagwa na maji hadi ulainike, hupandishwa tabaka moja la kimo cha goti, huachwa ukauke, ndipo tabaka jingine likae juu yake. Ukiharakishwa, chini huvimba na juu huinama. Ukikauka vizuri unabeba paa bila nguzo, na jua la mchana huchukua saa nyingi kulipenya pande hilo la udongo, hivi kwamba joto linafika ndani usiku wakati watu wanalihitaji. Adui zake ni wawili. Wa kwanza ni maji, yanayoukata ukuta chini kama paa ni fupi. Ndiyo maana nyasi hushushwa nje ya ukuta na kuacha kivuli cha baraza. Wa pili ni mchwa, ambao hawali udongo lakini huutumia kama ngazi kufikia boriti. Kuta za Usambiro zilipigwa lipu kwa usawa, na hilo halikuwa pambo tu: kwenye ukuta laini njia ya mchwa huonekana asubuhi ileile ilipojengwa, na mtu mwenye vitabu ana sababu ya kuitafuta kila asubuhi.

Vitabu vilikuwepo kweli. Stanley aliingia humo tarehe 28 Agosti 1889, akitoka kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kaskazini, akiwa na mamia ya watu waliochoka, wakiwemo Wasudani, Wamisri na watoto wao. Mackay alikuja kumlaki, mtu mfupi mwenye ndevu za kahawia, amevaa nguo nyeupe na kofia ya kijivu. Stanley anajulikana kwa kutia chumvi, lakini maelezo yake ya nyumba hii ni ya mtu anayehesabu. Anataja unene wa kuta. Anataja picha na mabango ya kidini ukutani, na rafu katika safu nne zilizojaa vitabu. Anamtaja Hassan, msimamizi wa Kizanzibari wa pale misheni, ambaye alimhakikishia kwa kiapo kwamba kilichoko chumbani hapo ni kidogo, vitabu vingine viko chumba cha kulia, cha kulala, kanisani, kila mahali. Kisha ikaja kahawa halisi, na mkate wa nyumbani wenye siagi, ambao Stanley alikuwa hajauonja kwa miezi thelathini. Tusimlaumu akiona nyumba nzuri kuliko ilivyokuwa.

Alipotoka nje ndipo alipoandika kile ninachokitaka. Uani palikuwa na karakana kubwa imara yenye mashine na zana. Wafua chuma walikuwa wakitengeneza boila ya meli ndogo. Mtumbwi mkubwa ulikuwa nje ukikarabatiwa. Palikuwa na mashimo ya kupasulia mbao, ambamo mtu mmoja husimama chini na mwingine juu ya gogo wakivuta msumeno mrefu, na kando yake magogo makubwa ya mti mgumu. Palikuwa na marundo ya miti ya ua. Katika ua wa nje, kwenye kona, palikuwa na zizi la ng'ombe na banda la mbuzi, na kuku wengi wakidonoa. Na kutoka sehemu ya Wazungu wakatoka wavulana, wadogo kwa wakubwa, wamenawiri na wanaonekana kufurahi.

Haya marundo ya miti ya ua yanasema mengi. Ua wa magogo mahali penye mchwa si kitu unachokijenga ukakisahau. Mti ulioingia ardhini mwaka huu utaanza kulegea baada ya misimu michache, na mmoja ukilegea unaacha pengo la mtu kupita. Kwa hiyo mwenye ua huo lazima awe na akiba ya miti iliyokwisha kuchongwa, kama vile mwenye paa la nyasi anavyopaswa kujua nyasi za mwakani zitatoka wapi. Ndani ya akiba ile kuna hesabu ya mtu aliyetaraji kukaa. Pia kuna uchaguzi: jirani zake walizungukwa na minyaa, ambayo ingekuwa rahisi zaidi na kudumu zaidi, lakini minyaa huhitaji miaka kufunga, na Mackay alifika akiwa na mali ya kulinda siku hiyohiyo.

Tazama pia jinsi eneo lilivyogawanywa. Palikuwa na ua wa nje kwa mifugo, palikuwa na karakana, na palikuwa na sehemu ya makao ya Wazungu. Msukuma yeyote angeuelewa mpangilio huo mara moja, maana kaya kubwa ya mtemi nayo ilikuwa na ngazi zake, ng'ombe upande wake, wageni upande wao, na ndani kabisa watu wa nyumba. Kile ambacho kingemshangaza ni kukuta kelele za nyundo na msumeno mahali ambapo kwa mtemi pangekuwa baraza la kusikiliza mashauri. Kitovu cha mji huu kilikuwa karakana.

Na waliokuwa ndani ya ua walikuwa akina nani? Wavulana wale walikuwa wengi wao Waganda. Mwezi Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa, na Oktoba, baada ya mapinduzi ya pili yaliyowaweka madarakani Waislamu, wamisionari wote wa Buganda, Waingereza kwa Wafaransa, walipakiwa katika mashua moja, Eleanor, na kufukuzwa. Njiani kiboko aliigonga mashua ikazama, na vijana watano wakafa maji. Waliookoka walifika kusini, Wafaransa wakaenda Bukumbi na Waingereza Usambiro. Wakimbizi Waganda nao wakagawanyika kufuata madhehebu yao. Mwanga mwenyewe, aliyewachoma Wakristo, hatimaye alikimbilia kwa mapadri wa Bukumbi na akapokelewa. Kwa miezi kadhaa, siasa ya Buganda yote iliendeshwa kutoka katika nyua mbili za udongo na magogo zilizotazamana ng'ambo ya ghuba ya Mwanza. Swali la Rukonge lilikuwa limerudi, safari hii likiwahusu mamia: kila aliyeingia ndani ya ua wa misheni alihesabiwa kuwa wa misheni hiyo, na walioko nje walipanga vita vyao kwa hesabu hiyo. Makolo hakumfanyia Mackay alichofanya Rukonge. Waliopewa hifadhi hawakuwa watu wake wala adui zake. Vita vyao vilikuwa vya nchi nyingine, siku nyingi za kupiga kasia kaskazini.

Stanley alikaa hadi tarehe 17 Septemba. Alimshauri Mackay afuatane naye pwani apumzike, maana alikuwa hajarudi kwao tangu 1876. Mackay akakataa. Alikuwa na boila uani, mbao kwenye mashimo, na tafsiri ya Injili ya Yohana kwa Kiganda mezani. Msafara ukaondoka kuelekea kusini mashariki, na siku chache tu mbele ukaingia katika mapigano na Wasukuma yaliyodumu siku kadhaa. Watu walewale waliokuwa wakiiacha nyumba ya Usambiro bila kuigusa walipigana na msafara huu wa bunduki bila kurudi nyuma. Msafara uliopita katika mashamba yao ukidai maji na njia haukuwa umeomba kwa mtu yeyote mahali pa kujenga.

Kando ya nyumba palikuwa na makaburi, na yalijaa haraka. Machi 1888 askofu Henry Parker, aliyekuwa amekuja kufanya mkutano na wamisionari wake, alifariki siku chache baada ya mmisionari mwenzake, Blackburn. Tarehe 8 Februari 1890, Jumamosi usiku, homa ikamwua Mackay mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 40. Aliyekuwa naye alikuwa mmisionari Deekes, ambaye hali yake ilikuwa mbaya hata alikuwa amejiandaa kuondoka kwenda kutibiwa. Kesho yake alimzika kando ya Parker, na Waganda wakaimba kwa lugha yao. Jeneza lilitengenezwa kwa mbao ambazo Mackay alikuwa amezipasua kwa ajili ya ile meli.

Boila haikupata meli yake kwa mkono wa aliyeianza, na nyumba nayo haikudumu. Kilichoimaliza si mchwa. Tarehe 1 Julai 1890, miezi mitano baada ya mazishi, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliolikata ziwa. Mwaka 1886 zilikuwa zimechora mstari kutoka mto Umba, pwani, hadi ufukwe wa mashariki wa ziwa, nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Sasa mstari ukavushwa juu ya maji hadi ng'ambo. Kusini yake yote ikawa ya Wajerumani. Ua wa magogo uliokuwa umewaweka Waingereza mahali pao kwa ridhaa ya Makolo ulijikuta ndani ya ua mwingine mkubwa zaidi, uliochorwa na watu wasiowahi kukanyaga udongo wa Usambiro na ambao hawakumwuliza Makolo lolote.

Askofu mpya, Alfred Tucker, alipitia hapo mwishoni mwa 1890 akielekea Buganda, naye akazika watu wa msafara wake. Mahali palikuwa na sifa mbaya ya homa, wakimbizi walikuwa wamerudi kwao, na Buganda ilikuwa imefunguka tena. Usambiro ikaachwa. Kazi ya Waingereza upande huu ikabaki Nassa, kwenye ghuba ya Speke, si mbali sana na Kageye walikoanzia, na mwaka 1909 Nassa nayo ikakabidhiwa kwa wamisionari wa Africa Inland Mission kutoka Marekani. Kanisa la AIC, ambalo leo lina waumini wengi Usukumani, lina mizizi yake hapo. Mifupa ya Mackay haikubaki kusini: mwaka 1927, misheni ya Uganda ilipotimiza miaka hamsini, ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Wajerumani walikuwa na mawazo mengine kuhusu nyumba. Mwaka 1892 walianzisha kituo chao Mwanza, mdomoni mwa ghuba badala ya kichwani, mahali penye maji ya kina na mawe yasiyohitaji kusafirishwa. Mawe yale ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, yaliyopasuka yenyewe na kuviringika kwa mvua na jua, na mtu akitaka kuyagawa huwasha moto juu ya jiwe hadi litengane, kisha nyundo. Wachonga mawe wa Mwanza wangali wanafanya hivyo, na nyumba za milimani Mabatini na Igogo zina kuta ambazo upande mmoja ni tofali na upande wa pili ni mwamba wenyewe, ulioachwa hapo kwa kuwa hakuna wa kuusogeza. Ua wa jiwe hauhitaji akiba ya miti, wala hauulizi jirani anaonaje.

Tarehe 14 Julai 1916, katikati ya vita kuu, jeshi la Waingereza lililovuka kutoka Ukerewe liliingia Mwanza, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Safari hii Waingereza hawakukanyaga udongo wala kupasua mbao. Walikuta ofisi, makao ya watawala na kuta zake vyote viko tayari, wakabadilisha bendera, wakaingia, na wakakaa humo hadi 1961.